Mganga Mgeni katika Njia ya Unyanyembe

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii aghalabu hutumiwa kwa maana ya karamu: mgeni akifika, jiko huwaka, kuku huchinjwa, na mwenyeji naye hupata kula kilicho kizuri. Lakini neno "kupona" lina maana nyingine iliyo ya asili zaidi, nayo ni ya ugonjwa. Tukiichukua methali kwa maana hiyo, lazuka swali ambalo wahenga hawakulijibu. Mgeni akija na kusema kwamba yeye ni mganga, mwenyeji atajuaje kuwa huyu atamponya wala hatamwua? Nani atampima, kwa kipimo gani, na akikosea nani atakuwa mdhamini wake?

Siku hizi swali hili limewekwa mikononi mwa mabaraza ya madaktari. Daktari bingwa aliyesomea nchi moja akitaka kutibu watu wa nchi nyingine, hapana budi apeleke vyeti vyake, vyeti vichunguzwe, naye mwenyewe apimwe kabla ya kupewa ruhusa. Wengi huona jambo hili kuwa la makarani na mihuri tu. Katika insha hii nakusudia kuonyesha kwamba ni jambo la haki, tena haki ya watu wawili: mgonjwa asiyejua anamtolea nani mwili wake, na mgeni asiyejulikana thamani yake. Mahali nilipopachagua kwa kulitazama ni Kwihara, kijiji kilicho kilomita chache kutoka mji wa Tabora. Maana huko, katika karne ya 19, waganga wa kila namna walipita na wengine wakakaa, wakati ambapo hapakuwa na baraza la kumwuliza mtu cheti.

Unyanyembe ilikuwa njia panda ya bara. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipofika huko iligawanyika: mingine ilishika njia ya magharibi kwenda Ujiji, mingine ikaelekea kaskazini hata Karagwe na Buganda, na mingine ikateremka kusini-magharibi kufuata pembe na shaba. Bidhaa na magonjwa vilisafiri pamoja. Homa, kuhara damu na ndui vilishuka na kupanda njia ile kama wapagazi wenyewe, na kila mwenye msafara alijua kwamba atazika watu kabla hajauona mwisho wa safari. Mahali kama hapo mwenye kujua dawa hakosi kutafutwa.

Tusidhani, basi, kwamba wenyeji walimpokea kila ajiitaye mganga. Wanyamwezi walikuwa na njia zao za kumpima mfumu. Mwanafunzi alikaa chini ya mwalimu, akachimba mizizi pamoja naye, akashuhudia wagonjwa wakiletwa na wakirudi. Wayeye, watu wa chama cha nyoka, waliwafundisha waliotaka kuingia dawa za sumu, wakawachanja, na kuwaingiza chamani kwa taratibu maalumu. Hakuna karatasi iliyoandikwa, lakini palikuwa na kitu ambacho karatasi hukusudiwa kuwa badala yake: watu wanaojulikana, walio tayari kusema, "Huyu tumemfunza sisi." Akiharibu, aibu ni ya chama kizima. Njia hii ilikuwa na upungufu wake, maana jina la mtu laweza kuvuma kuliko ujuzi wake, na aliyekufa hawezi kutoa ushahidi. Hata hivyo msingi wake ulikuwa mwema: mganga hakujidhamini mwenyewe.

Wala Waarabu walioishi Unyanyembe hawakutoka katika ustaarabu usiojua mambo haya. Wanahistoria wa tiba wa Kiarabu wasimulia kwamba mwaka 931 Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad alipata habari ya mtu aliyekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru matabibu wa mji wasifanye kazi mpaka wamepimwa na Sinan bin Thabit, isipokuwa wale waliokwisha kujulikana kwa ubora wao. Waliopimwa, yasemwa, walizidi 800. La kuangaliwa zaidi katika habari hii ni kwamba kila mmoja aliruhusiwa kutibu kwa kadiri ya ujuzi wake. Sinan hakuuliza tu, "Je, huyu ni tabibu?" Aliuliza, "Huyu ni tabibu wa nini?" Swali hilo la pili ndilo la ubingwa, nalo laonekana kuwa na umri wa miaka zaidi ya elfu moja.

Mgeni aliyeiletea Kwihara sifa ulimwenguni ni David Livingstone. Aliingia huko pamoja na Stanley tarehe 18 Februari 1872, wakitoka Ujiji. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi kwenda pwani, na Livingstone akabaki kuwangojea wapagazi hata tarehe 25 Agosti. Watu humkumbuka kuwa mmisionari na msafiri, lakini alikuwa pia tabibu mwenye leseni. Leseni hiyo aliipata Novemba 1840 kutoka Kitivo cha Matabibu na Wapasuaji cha Glasgow, chombo kilichopewa mamlaka na Mfalme James wa Sita mwaka 1599 ya kuwapima wapasuaji wa magharibi ya Uskoti. Livingstone mwenyewe ameeleza katika kitabu chake kwamba mtihani wake ulikuwa mrefu na mkali kuliko kawaida, kwa sababu alikhitilafiana na watahini wake juu ya uwezo wa stetoskopu, chombo cha kusikilizia kifua ambacho wakati huo kilikuwa bado kigeni. Alisema kwa mzaha kwamba ingalikuwa busara zaidi kutokuwa na maoni yake mwenyewe.

Habari hii ndogo ina mafunzo mawili. Kwanza, hata watahini ni wanadamu, na mtihani waweza kumpima mtu kwa kutokubaliana kwake na wakubwa badala ya kumpima kwa ujuzi wake. Pili, leseni ile haikuwa ya dunia nzima, wala haikuwa ya Uingereza nzima. Kabla ya sheria ya mwaka 1858 iliyoanzisha daftari moja la madaktari, Uingereza ilikuwa na vyombo vingi vya kutoa leseni, na aliyepewa ruhusa katika mji mmoja hakuwa na hakika ya kupokewa katika mji mwingine. Kwa hiyo karatasi ya Livingstone, ambayo isingemfungulia kila mlango wa London, ilivuka bahari na kufika Unyanyembe pasipo mtu wa kuisoma wala kuihoji.

Na je, karatasi hiyo ilitosha? Wahenga walisema pia, "Mganga hajigangi." Livingstone aliondoka Kwihara akiwa mdhaifu, akafa kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, Mei 1873. Mwaka huo huo msafara wa Cameron, uliotumwa kumsaidia, ulifika Unyanyembe ukiwa na daktari wa jeshi la majini la Uingereza, W. E. Dillon. Homa na maradhi ya macho viliwashika. Dillon akalazimika kurudi pwani, na tarehe 18 Novemba 1873, huko Kasekera, akiwa amepotewa na fahamu kwa ugonjwa, alijipiga bunduki akafa. Hapana haja ya kuwalaumu watu hawa. Mitihani waliyoshinda haikuwa ya uongo, ila ilipima ujuzi wa nchi nyingine. Homa iliyowaua watu wa njia ile haikujulikana asili yake na chuo chochote. Ni mwaka 1897 tu, huko India, Ronald Ross alipoona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Cheti chaweza kuwa cha kweli kabisa, na bado kisimwandae mwenye nacho kwa kitanda cha mgonjwa atakayemkuta mbele yake.

Sasa tumtazame mtu mwingine wa msafara ule ule, ambaye jina lake ni wachache walijuao. Livingstone alipokufa, watumishi wake, Susi na Chuma wakiwa mbele, waliamua kuuchukua mwili wake hata pwani. Ili usioze, ilipasa uondolewe matumbo na ukaushwe. Kazi hiyo walipewa Farijala, na Carras, mmoja wa vijana waliosomeshwa Nasik huko India, akawa msaidizi wake. Farijala aliwahi kuwa mtumishi wa daktari mmoja Unguja, na huko ndiko alikojua kidogo namna maiti inavyopasuliwa. Aliupasua mwili kwa uangalifu, akatoa moyo na matumbo vikazikwa hapo hapo; mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani siku 14, ukafungwa katika gome la mti. Oktoba 1873 msafara ukapita Unyanyembe. Cameron alishauri mwili uzikwe huko huko, wakakataa, wakaendelea.

Aprili 1874 mwili huo ulifunguliwa London mbele ya Sir William Fergusson, mmoja wa wapasuaji wakubwa wa Uingereza wakati ule. Aliutafuta mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba huko Mabotsa mwaka 1844, akaukuta pamoja na kovu la kuungana kwake vibaya, akathibitisha kuwa huyu ndiye. Bila mtu yeyote kukusudia, kazi ya Farijala ilitiwa mtihanini siku ile. Mikono yake iliuhifadhi ushahidi kwa karibu mwaka mzima, katika jua na mvua, na ushahidi ukasimama. Naye mtahiniwa hakuwapo, wala hakuitwa, wala hakupewa cheti.

Tusimfanye Farijala kuwa daktari. Tukifanya hivyo twamdhulumu yeye na ukweli. Alijua kazi moja, aliyojifunza kwa kutazama, na huenda asingeweza kazi ya pili. Lakini kisa chake chatuonyesha kwamba ujuzi wa kweli waweza kukaa mahali ambapo hakuna aliyefikiri kuuliza, na kisa cha Dillon chatuonyesha kwamba cheti cha kweli chaweza kumfikisha mtu mahali ambapo ujuzi wake haumfai. Mwenye kupima wageni amesimama kati ya hatari mbili hizi. Akitazama karatasi tu, atampitisha asiyefaa. Akidharau kila karatasi asiyoijua, atamkataa afaaye.

Miaka michache baadaye alifika katika nchi zile za magharibi mgeni ambaye alikuwa Mwafrika. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa angali mtoto, akauzwa utumwani jangwani, akakombolewa na Mapadre Weupe. Walimpeleka Algeria, kisha Malta, ambako alisoma uganga pamoja na vijana wengine wa Kiafrika kwa shauri la Kardinali Lavigerie. Mwaka 1888 alishika safari ya Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alikaa huko hata kufa kwake mwaka 1956. Wajerumani walimkuta, Waingereza wakamkuta. Serikali zikapita, yeye akabaki na wagonjwa wake zaidi ya miaka 60. Alioa katika nchi ile, akazaa, na mwanawe akawa padre.

Atiman alikuwa mgeni kwa kila kipimo: nchi yake ilikuwa mbali na Karema kama Ulaya ilivyo mbali, na masomo yake yalikuwa ya kisiwa cha Bahari ya Kati. Hapana baraza lililomngoja pwani. Lakini alipimwa, tena kwa muda mrefu kuliko mtihani wowote, na watu walioona nani alipona na nani hakupona. Alijifunza lugha yao, na makosa yake, kama yalikuwapo, hakuweza kuyakimbia, maana aliishi nayo mtaani. Kipimo cha namna hii ni bora sana, ila kina gharama: wanaolipa kwa ajili ya kujifunza kwa daktari ni wagonjwa wa kwanza. Ndiyo sababu nchi yenye serikali haiwezi kuridhika nacho peke yake. Hapana budi iwe na mtihani unaotangulia, ili mgonjwa wa kwanza naye awe na haki sawa na wa elfu.

Bahati mbaya, mtihani ukishawekwa, waweza kugeuzwa kuwa ukuta. Historia ya Makerere yatosha kuwa mfano. Mafunzo ya uganga yalianza huko miaka ya 1920, lakini kwa miaka mingi waliofuzu waliruhusiwa kutumikia Afrika Mashariki tu, chini ya madaktari wa Kizungu na kwa mshahara mdogo kuliko wao. Ni mwishoni mwa miaka ya 1950 ndipo Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza lilipoitambua shahada ya Makerere. Mganga aliyekwenda kulala usiku ule hakuamka na mikono mipya. Kilichobadilika ni macho ya waliomtazama. Wahenga wasema, "Asiyekujua hakuthamini." Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Uchache huo haukuwa wa akili. Ulikuwa wa milango.

Baada ya uhuru milango ilifunguliwa pande zote. Shule ya uganga ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, nayo ndiyo iliyokua hata kuwa Chuo Kikuu cha Muhimbili. Madaktari wa China walianza kuja miaka ile ile ya 1960. Wa nchi za Ulaya waliendelea kutumikia hospitali za misheni, na katika Mkoa wa Tabora wengi wawakumbuka wageni waliotibu Sikonge, Ndala na Nkinga. Vijana wetu nao walikwenda kusoma nchi za mbali, wakarudi na vyeti vilivyoandikwa kwa lugha nyingi. Leo kazi ya kuwapima wote hao, kwa Tanzania Bara, ni ya Baraza la Madaktari Tanganyika chini ya sheria ya mwaka 2017. Jina la Tanganyika limebaki kwa kuwa afya si jambo la Muungano, na Zanzibar ina baraza lake. Vyeti huulizwa kwa chuo kilichovitoa, baraza la nchi atokako daktari huombwa ushahidi wa mwenendo wake, na wanaoanza kazi hutumikia kwanza chini ya uangalizi.

Kwa ubingwa wa upasuaji imepatikana njia nyingine yenye hekima. Tangu mwaka 1999 kuna Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao yake Arusha. Chuo hiki hakina jumba kubwa la wanafunzi. Mwanafunzi hufunzwa katika hospitali anayotumikia, kisha hutahiniwa pamoja na wenzake wa nchi nyingine na watahini wa nchi mbalimbali. Hapo mgeni na mwenyeji huketi benchi moja. Kipimo kimewekwa na wale wanaoyajua magonjwa ya kwetu na uhaba wa vyombo vyetu, na mtu akivuka mpaka, kipimo kimevuka pamoja naye.

Kwa maoni yangu, mwenye kumpima daktari mgeni anapaswa kupima mambo matatu. La kwanza ni karatasi: je, ni ya kweli, na ni ya ujuzi gani hasa? La pili ni mkono: je, bingwa huyu aliyezoea mashine za hospitali kubwa aweza kufanya nini katika chumba chenye taa moja na damu ya akiba kidogo? Hili halijulikani kwa maswali ya kuandika; hujulikana kwa kumtazama akifanya kazi, kwa muda uliowekwa, chini ya mtu atakayetia sahihi yake.

La tatu ni ulimi, nami kwa kuwa ni mwalimu wa lugha sitaki lipite kimya. Mgonjwa wa Tabora akisema, "Moyo wanichafuka," hasemi juu ya moyo wake. Asema kwamba ataka kutapika. Mwanamke akisema hajaona mwezi, hatazami mbinguni. Mtu husema "nasikia homa," "nasikia baridi," na sikio lake halihusiki hata kidogo. Mkalimani hodari husaidia, lakini mkalimani aliyechoka hutafsiri neno kwa neno, na neno kwa neno laweza kumpeleka mgonjwa mahali pasipo pake. Daktari asiyeujua ulimi wa mgonjwa ameshika stetoskopu iliyozibwa upande mmoja. Basi Kiswahili cha wagonjwa kifundishwe na kipimwe, si kwa kumwaibisha mgeni, bali kwa kumwezesha.

Wako watakaosema kwamba nchi yenye upungufu haina haki ya kuchagua. Kwamba hospitali isiyo na bingwa hata mmoja yafaa impokee ajaye, na maswali yaje baadaye. Hoja hii ina huruma ndani yake, lakini huruma hiyo haimfiki mgonjwa. Maskini hana hospitali ya pili ya kukimbilia akiharibiwa katika ya kwanza. Kwa hiyo yeye ndiye ahitajiye zaidi kwamba aliye mbele yake awe amepimwa. Wako wengine watakaosema, mlango ubanwe, maana wageni huwanyima vijana wetu kazi. Hao nao wakumbuke kwamba vijana wetu wako ugenini pia. Daktari wetu aendaye Uingereza hupimwa kwa mtihani uliowekwa kwa waliosomea nje tangu mwaka 1975, naye hutaka mtihani huo uwe wa haki, ada zake zijulikane, jibu lake lisicheleweshwe, na sababu ya kukataliwa kwake iandikwe. Tunayoyataka kwa watu hatuna ruhusa ya kuwanyima watu.

Njia ya Unyanyembe haina tena misafara, na tembe la Kwihara sasa ni makumbusho ya watu waliopita. Lakini wagonjwa hawajaacha kuletwa Tabora, hata Hospitali ya Kitete, wakitoka vijiji vile vile ambavyo wapagazi walitoka, na daktari atakayewapokea huenda akawa ametoka mbali kuliko Livingstone. Hawatamwuliza alisomea wapi. Watavua shati na kulala kitandani, kwa imani kwamba mtu mwingine amekwisha kuuliza kwa niaba yao.